“News” si dira na “tip” si kifupi: asili za maneno ya Kiingereza zinazotudanganya

Ujumbe huanza na “Je, wajua?” kisha unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dar kama noti chakavu ndani ya daladala: kila mtu anaipokea na kuipitisha upesi, hakuna anayeikagua. Tumeokota hadithi za asili ya maneno ya Kiingereza zinazorudi mara kwa mara.

Dhana: “News” imetokana na herufi za mwanzo za “North, East, West, South”, kwa kuwa habari hutoka pande zote nne.

Ukweli: Ni “new”, yaani -pya, iliyotiwa s ya wingi: mambo mapya. Wafaransa nao husema “nouvelles” kwa mtindo uleule. Na zamani Waingereza waliandika “newes”. Sasa hiyo e ya pili ni upande gani wa dunia?

Ugonjwa huohuo umezikumba “golf” (eti “Gentlemen Only, Ladies Forbidden”) na “tip” ya mhudumu wa hoteli (eti “To Insure Promptness”). Golf ilipigwa marufuku na Bunge la Scotland mwaka 1457 kwa sababu vijana walikuwa wakicheza badala ya kufanya mazoezi ya upinde, wanawake hawakutajwa. “Tip” ilikuwa lugha ya wezi na matapeli wa Uingereza katika karne ya 17, kwa maana ya kumpa mtu kitu. “Posh” (ya kifahari) nayo husemwa ni kifupi (eti “Port Out, Starboard Home”) kilichogongwa kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kwenda India. Tiketi ya namna hiyo haijawahi kuonekana hata moja.

Kwa nini tunazimeza haraka hivi? Kwa sababu sisi tunaishi ndani ya vifupisho. TANESCO, BAKITA, VETA, UKIMWI: tunavitamka kama maneno kamili tangu asubuhi hadi jioni, tukadhani lugha zote zimefanya hivyo siku zote. Kwa Kiingereza, tabia ya kusoma herufi za mwanzo kama neno moja imeshamiri katika karne ya 20; “radar” ni ya mwaka 1940. Neno la miaka 300 likidaiwa kuwa kifupi, anza kulitilia shaka hapo hapo.

Dhana: “OK” ni ripoti ya vita, yaani sifuri na k ya “killed”, hakuna aliyeuawa.

Ukweli: Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vinavyotajwa katika hadithi hiyo, vilianza mwaka 1861. OK ilishachapwa tarehe 23 Machi 1839 katika gazeti la Boston Morning Post. Wahariri wa mji ule walikuwa na utani wa kukosea tahajia makusudi halafu kufupisha kosa lenyewe: “all correct” wakaiandika “oll korrect”, ikabaki o.k. Utani mwingi wa namna hiyo ulikufa. Huu uliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akigombea tena. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita “Old Kinderhook”, wakaanzisha klabu ya OK. Aliyeuchimbua mkasa huu ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala za miaka ya 1963 na 1964. Kwa hiyo OK ni kifupi kweli, ila ni kifupi cha mzaha.

SOS, ishara ya Morse ya kuomba msaada, ni kinyume chake. Haikufupisha chochote. Ilikubaliwa katika mkutano wa redio wa Berlin mwaka 1906 kwa sababu mlio wake hausahauliki: milio mifupi 3, mirefu 3, mifupi 3, bila kupumzika katikati. “Save our souls” ilibandikwa baadaye.

Dhana: “Soccer” ni neno la Wamarekani. Hii ni ya vijiweni, hasa baada ya mechi ya Simba na Yanga, pale mtu anapokemewa kwa kusema soka badala ya kandanda.

Ukweli: Ni la Waingereza wenyewe. Chama cha Soka cha England, “Football Association”, kiliundwa London mwaka 1863. Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mazoea ya kukata neno na kulitia mkia wa -er: raga wakaiita “rugger”, na “association” ikakatwa hadi ikawa “soccer”. Wamarekani wameling'ang'ania kwa kuwa wana “football” nyingine.

Dhana: “Jumbo” ni jambo au jumbe ya Kiswahili. Hii tunaipenda mno, ndiyo maana inahitaji jicho kali.

Ukweli: Jumbo alikuwa tembo aliyefika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865 akitokea Paris. Mwaka 1882 aliuzwa kwa P. T. Barnum, Mmarekani mwenye sarakasi, na mwaka 1885 akagongwa na treni huko Kanada. Umaarufu wake ndio uliolifanya jina limaanishe kikubwa kupita kiasi. Lakini “jumbo” lilikuwamo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya London tangu 1823, likimaanisha mtu mzito asiye na wepesi. Kama ni sifa, tuchukue zetu halali: “safari”, ingawa nasi tuliitoa kwa Waarabu, na Jenga, mchezo wa vibao uliozinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki.

Kukagua mwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Fungua Online Etymology Dictionary, ambayo ni ya bure, tafuta neno, na soma mwaka lilipoandikwa kwanza. Linganisha na mwaka wa kisa ulichotumiwa. “Quiz” husemwa ilibuniwa Dublin mwaka 1791 kwa dau la usiku mmoja. Neno lilishaandikwa mwaka 1782. Kisha tazama tahajia za kale na ndugu zake katika lugha jirani: “boss”, bosi wetu huyu, ni “baas” ya Kidachi.

Na kipilefti? Hicho hakina fumbo. Vibao vya kwenye mzunguko viliandikwa “Keep Left”, masikio yakasikia ki- ya kiti na kisu, na wingi ukaja wenyewe: vipilefti.