Gogo la kufuatiliwa miaka 200

"Weka mkono hapo," aliniambia mtafiti aliyekuwa akinitembeza, akanionyesha gogo lililolala kando ya njia. Nikaweka. Juu lilikuwa na gome gumu kama gogo lolote, lakini nilipobonyeza ubavuni kidole kilizama mpaka pingili ya pili. Ndani palikuwa pabichi na pa baridi, na mbao ilimeguka vipande vyekundu vya mraba kama tofali lililoloa. Nilipochomoa kidole, kilitoka na nyuzi nyeupe za kuvu, laini kama utando wa buibui. Kwenye ncha ya gogo palipigiliwa kibati chenye namba.

Nilikuwa katika msitu wa majaribio wa H.J. Andrews, kwenye milima ya Cascade, jimbo la Oregon, Marekani. Msitu huo wa hekta zipatazo 6,400 ulitengwa kwa ajili ya utafiti mwaka 1948, na ndani yake ipo misonobari ya Douglas yenye umri wa miaka 500 na urefu unaozidi mita 75. Ukiitazama vilele shingo inauma. Lakini mimi sikufunga safari kwa ajili ya miti iliyosimama. Niliifuata iliyolala.

Mwaka 1985 mwanaikolojia Mark Harmon na wenzake walilaza magogo zaidi ya 500 ya aina nne za miti katika sehemu sita za msitu huu, wakapanga yafuatiliwe yanavyooza kwa miaka 200. Hebu fikiria. Aliyeanzisha alijua kwamba mwisho wake hatauona yeye, wala mwanafunzi wake, wala mjukuu wake.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Kuvu inataka joto na unyevu kwa pamoja. Oregon mvua nyingi hunyesha wakati wa baridi, kuvu ikiwa imezubaa. Joto linapofika, mvua nayo imekwisha. Kwa hiyo gogo kubwa huoza taratibu mno, tena kila mti kwa mwendo wake. Mwerezi mwekundu wa huko una kemikali kwenye kiini zinazofukuza kuvu, ndiyo maana huchelewa kuliko wenzake. Kazi yenyewe haina mbwembwe: unakata kisahani cha gogo, unakipima uzito, unakikausha kwenye tanuri, unakipima tena, unaandika. Baada ya miaka kadhaa unarudi. Ubora wa kazi hii uko kwenye kibati na daftari, kwa sababu gogo lisilojulikana lilianza na uzito gani halitufundishi kitu.

Niliyoyaona huko yamebadilisha namna ninavyofundisha. Mbao ya mti ulio hai kwa sehemu kubwa imeshakufa. Chembe hai nyingi ziko karibu na gome. Mti ukianguka ndipo wapangaji wanapoingia: mbawakawa wanatoboa, kuvu inafuata matundu yao, bakteria, kisha miche. Niliona miche ya hemloki, aina ya mti wa huko, imejipanga juu ya gogo moja kama watoto kwenye benchi, kwa kuwa chini palikuwa pamefunikwa na mimea mingine na mbegu hazikupata nafasi.

Hata mtoni ni hivyo hivyo. Zamani mameneja wa misitu wa eneo hilo waliondoa magogo kwenye vijito wakiamini wanawafungulia samaki njia. Utafiti uliofanywa Andrews ulisaidia kuonyesha kinyume chake: gogo hupunguza kasi ya maji, huchimba vidimbwi na kuzuia changarawe, na samoni wanahitaji vyote hivyo. Siku hizi watu wanalipwa kurudisha magogo mtoni.

Nasema haya nikijua kwetu gogo lililoanguka ni kuni, na mama aliyebeba mzigo wa kuni kichwani hajakosa lolote. Watoto lazima wale. Ninachoomba ni sisi wataalamu tuache kuyaita magogo hayo "uchafu wa msitu" kwenye mipango yetu ya usimamizi. Neno hilo nimelikuta kwenye nyaraka zaidi ya moja, na linaniudhi.

Agosti 2023 radi ilipiga ndani ya Andrews na moto ukapita kwenye takriban asilimia 70 ya msitu ule. Nililala vibaya wiki zile. Baadaye nikaelewa kwamba kwa watafiti wa huko daftari la miongo saba na zaidi limepata sura mpya: ni misitu michache sana duniani ambayo hali yake kabla ya moto ilipimwa kwa undani namna ile.

Mimi nina magogo 12 tu, kwenye msitu mdogo niliopewa ruhusa kuutumia. Kwetu joto na mvua huja pamoja, na mchwa hawangoji mtu, kwa hiyo sihitaji miaka 200. Gogo namba 4 lilitobolewa na mchwa kabla mvua za kwanza hazijaisha. Jumamosi tunakwenda kukata kisahani chake cha tatu, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili ndiye atakayeshika daftari.