Je, Wajua? Mwili Hukata DNA Yake kwa Makusudi ili Upate Kinga

Mtoto aliyezaliwa leo asubuhi, kabla hajapata chanjo hata moja, tayari ana katika damu yake chembechembe nyeupe zinazoweza kutambua vijidudu ambavyo havijawahi kumgusa yeye, mama yake, wala yeyote katika ukoo wake. Zimo hata zile ambazo, kwa umbo lake, zingeweza kushika kirusi ambacho bado hakijatokea duniani. Kinachoziwezesha ni protini ziitwazo kingamwili, zenye umbo linalofanana na herufi Y, ambazo ncha zake mbili hunasa sehemu mahususi ya kijidudu na kuachana na vitu vingine vyote vinavyopita katika damu.

Hapo ndipo linapozuka swali la hesabu. Kila protini hutengenezwa kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa katika jeni, na binadamu ana jeni za protini takriban 20,000 tu kwa shughuli zote za mwili, kuanzia misuli na macho hadi ubongo. Kingamwili ambazo mwili unaweza kuzitengeneza, kwa upande mwingine, ni za aina mabilioni. Iwapo kila aina ingehitaji jeni yake, DNA yote ya binadamu isingetosha kuziandika. Je, jeni chache zinawezaje kuzaa wingi wa namna hiyo?

Jibu lake, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa yaliyowahi kugunduliwa katika elimu ya viumbe: seli za kinga hukata DNA yake zenyewe, kisha huita mafundi walewale wanaorekebisha DNA iliyoharibika katika seli nyingine zote, na wingi wa kingamwili huzaliwa katika mshono ambao mafundi hao huuacha.

Ili uzito wa jambo hilo uonekane, inafaa kwanza tuelewe jinsi seli inavyoilinda DNA katika siku za kawaida. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na taarifa zake zimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, ambazo katika seli ya kawaida ya binadamu hufikia jozi takriban bilioni sita. A ya uzi mmoja hukaa mkabala na T ya uzi wa pili, na G mkabala na C. Nyuzi hizo si imara kama watu walivyodhani zamani. Tomas Lindahl, mwanasayansi wa Sweden, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba DNA huoza polepole hata pasipokuwa na sumu wala mionzi, kwa sababu tu iko ndani ya maji yenye joto la mwili, na kwamba herufi zake maelfu hung'oka au kubadilika katika kila seli kila siku. Tunaishi kwa sababu kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, vinavyozunguka bila kupumzika, vikiitoa herufi iliyoharibika na kuweka iliyo sahihi kwa kusoma uzi wa pili uliobaki salama. Kazi hiyo ilimpatia Lindahl Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015, pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, walioeleza njia nyingine mbili za ukarabati.

Jeraha baya zaidi ni pale nyuzi zote mbili zinapokatika mahali pamoja, kwa kuwa hapo hakuna uzi mzima wa kusomwa. Seli iliyokwisha kunakili DNA yake kwa ajili ya kugawanyika inaweza kutumia nakala hiyo kama kielelezo na kurekebisha jeraha bila kukosea. Isiyo na nakala haina budi kuzikamata ncha mbili zilizoachana na kuziunganisha moja kwa moja. Protini mbili ziitwazo Ku, zilizoshikamana kama pete, huivaa kila ncha. Nyingine huzivuta ncha zikaribiane. Nyingine hupunguza vipande vilivyochanika. Na mwisho kimeng'enya cha kuunganisha hufunga kazi. Ni kama fundi cherehani anayeunganisha nguo iliyoraruka: lazima apunguze kidogo hapa na kuongeza kidogo pale, na mara nyingi mshono wake haulingani na kitambaa kilivyokuwa. Katika seli ya ini au ya ngozi, herufi hizo chache zinazopotea au kuongezeka ni hasara inayovumilika. Katika seli ya kinga, herufi hizo ndizo zinazotafutwa.

Aliyethibitisha kwamba DNA ya seli za kinga hukatwa na kupangwa upya ni Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1976, yeye na mwenzake Nobumichi Hozumi walilinganisha DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya seli zinazotoa kingamwili, wakakuta kwamba vipande vilivyokuwa mbalimbali katika kiinitete vilikuwa vimeletwa pamoja katika seli za kinga. Hadi wakati huo ilichukuliwa kuwa seli zote za mwili mmoja zina DNA ileile, herufi kwa herufi. Tonegawa alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1987, bila kushirikiana nayo na mtu mwingine.

Mambo yenyewe huenda hivi. Kingamwili ina minyororo ya aina mbili, mzito na mwepesi. Maelekezo ya mnyororo mzito yako katika kromosomu ya 14, mojawapo ya nyuzi ndefu ambazo DNA imegawanywa, lakini hayakuandikwa kama jeni moja iliyokamilika; yako katika mafungu matatu ya vipande yanayoitwa V, D na J. Binadamu ana vipande vya V vinavyofanya kazi takriban 40, vya D takriban 23, na vya J 6. Ndani ya uboho wa mifupa, kila seli B changa, yaani seli ya kinga itakayotoa kingamwili, huchagua kwa bahati kipande kimoja kutoka kila fungu na kuviunganisha, na kilichokuwa katikati yake hukatwa na kutolewa. Wenye kukata ni vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja, RAG1 na RAG2, ambavyo huzitambua alama fupi za herufi zilizo pembeni mwa kila kipande. Vikishakata, ncha ya DNA hujikunja na kujifunga kama kitanzi, nayo mashine ileile ya kuunganisha nyuzi zilizokatika huitwa. Protini iitwayo Artemis hukifungua kitanzi hicho, mara nyingi si katikati kabisa, na hivyo herufi kadhaa huhama upande. Kisha huja kimeng'enya cha TdT, ambacho ni cha pekee kwa sababu huongeza herufi kwenye ncha bila kusoma kielelezo chochote: huweka tu kinachopatikana. Baada ya hapo ndipo ncha hufungwa.

Kwa kuzidisha tu, mnyororo mzito unaweza kupangwa kwa namna 5,520. Mnyororo mwepesi, ambao una V na J pekee, unaweza kupangwa kwa namna takriban 300, na minyororo hiyo miwili ikioanishwa tunapata zaidi ya milioni moja na nusu. Idadi hiyo ni kubwa, ila bado haijafika popote karibu na mabilioni. Kinachoifikisha huko ni mshono, yaani herufi zilizopunguzwa na kuongezwa bila mpangilio pale vipande vilipokutana. Na kwa bahati njema, mahali hapo ndipo penye sehemu ya kingamwili inayogusa kijidudu kwa karibu zaidi.

Gharama yake ni kubwa. Maelekezo ya protini husomwa kwa herufi tatu tatu, kwa hiyo mshono ulioongeza herufi moja au mbili huvuruga usomaji wote unaofuata, na kwa makadirio ya hesabu miunganisho miwili kati ya kila mitatu huharibika. Seli hupewa nafasi ya kujaribu tena kwenye kromosomu ya pili, na isipofaulu hufa. Hata waliofaulu hupimwa, na wale ambao kingamwili zao zinashambulia mwili wenyewe huzuiwa, huuawa au hulazimishwa kupanga upya. Seli T nazo, aina nyingine ya seli za kinga, katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, hupanga vipokezi vyake kwa utaratibu huohuo wa kukata na kushona.

Kwamba mafundi wa kinga na mafundi wa ukarabati ni wamoja, tumejulishwa na wale waliozaliwa bila wao. Mwaka 1983 wanasayansi wa Philadelphia walieleza juu ya panya wasio na seli B wala seli T, na baadaye ikabainika kwamba panya hao walikuwa na hitilafu katika mojawapo ya protini za kuunganisha DNA. Hitilafu katika protini hiyohiyo huwapata baadhi ya watoto wa farasi wa Kiarabu, ambao hufa mapema kwa maambukizi. Kwa binadamu, watoto waliokosa Artemis huzaliwa bila kinga, na vilevile seli zao huumizwa na mionzi kuliko za watu wengine, kwa kuwa hawawezi kuunganisha vizuri nyuzi zilizokatwa na mionzi kama wasivyoweza kuunganisha zilizokatwa na RAG.

Mkasi huo wa RAG una asili ya kushangaza. Ushahidi mwingi unaonyesha kwamba ulitokana na kipande cha DNA chenye tabia ya kujikata na kuhamia mahali pengine, mfano wa kimelea cha jeni, kilichoingia katika DNA ya mababu wa samaki wenye taya takriban miaka milioni 500 iliyopita. Papa, changu, kuku, ng'ombe na binadamu, wote wanakata DNA kwa mkasi wa mgeni aliyefugwa. Nao hufugwa kwa uangalifu: RAG2 huharibiwa kila seli inapokaribia kunakili DNA yake, ili mkasi usiwe wazi wakati nyuzi zote zinafunguliwa.

Baada ya uboho, kuna awamu ya pili ambayo huanza mtu anapougua au kuchanjwa. Seli B ambayo kingamwili yake imeshika kijidudu, hata kwa ulegevu, huingia katika tezi za limfu au wengu na kuanza kugawanyika kwa kasi, na humo huamsha kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa mwaka 1999 na kundi la Tasuku Honjo katika Chuo Kikuu cha Kyoto. AID hubadilisha herufi C kuwa U, herufi isiyotakiwa kuwamo katika DNA. Kuonekana kwa U ni miongoni mwa madhara yaleyale ya kila siku aliyoyaeleza Lindahl, na seli yoyote nyingine huiondoa haraka na kurudisha C. Katika jeni za kingamwili, hata hivyo, waitwao kujaza pengo ni vimeng'enya vya kunakili visivyo makini. Kimojawapo, kiitwacho polimerasi eta, ndicho ambacho katika ngozi huzisaidia seli kunakili DNA iliyoharibiwa na mwanga wa jua; ni hodari wa kupita palipobomoka, lakini hukosea mara nyingi.

Kutokana na hayo, jeni za kingamwili hubadilika kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara milioni moja ya ile ya kawaida. Mabadiliko mengi hudhoofisha, machache huimarisha, na seli hushindana kukamata kijidudu: inayoshika kwa nguvu zaidi huruhusiwa kuendelea, nyingine hufa. Hii ni sehemu ya sababu kwamba kingamwili za baada ya dozi ya pili au ya tatu ya chanjo huwa bora kuliko za dozi ya kwanza, na si nyingi tu.

AID hiyohiyo, ikipiga sehemu nyingine ya jeni kwa wingi, husababisha nyuzi zote mbili kukatika, na seli hutupa kipande kirefu na kuunganisha ncha zake. Hapo kingamwili hubaki na ncha zilezile za kushika lakini hubadili mkia, na kwa mkia hubadili kazi: aina iitwayo IgG hupita kondo la nyuma na kumlinda mtoto tumboni, na ile iitwayo IgA hutoka katika mate na maziwa ya mama. Watoto waliozaliwa bila AID hubaki na IgM pekee, yaani aina ya mwanzo kabla mkia haujabadilishwa, nao huugua mara kwa mara.

Hatari ya kazi hii inajulikana vizuri hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, na mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya saratani ambayo leo ina jina lake, mojawapo ya saratani za watoto zinazoonekana sana katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi. Sampuli zilizotumwa London kutoka Kampala ndizo zilizowawezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua, mwaka 1964, kirusi cha Epstein-Barr. Kiini cha saratani yenyewe ni mshono uliokwenda kombo: jeni ya MYC ya kromosomu ya 8, inayoamrisha seli igawanyike, huunganishwa kimakosa na eneo la jeni za kingamwili, mara nyingi katika kromosomu ya 14, mahali ambapo seli B haiachi kusoma maelekezo. MYC nayo haizimiki tena.

Kazi ya AID ndiyo inayotiliwa shaka zaidi kuwa chanzo cha mkato huo. Malaria inayorudi mara kwa mara huzifanya seli B zikae muda mrefu katika hali ya kugawanyika na kukata, huku kirusi cha Epstein-Barr kikizisaidia kuepuka kifo. Na jaribio lililochapishwa mwaka 2015, kwa panya walioondolewa jeni ya ulinzi ya p53, lilionyesha kwamba maambukizi ya muda mrefu ya vimelea vya malaria huzaa limfoma (saratani za seli za kinga) za namna hiyo, na kwamba huhitaji AID ili zitokee. Dawa ya saiklofosfamidi, ambayo Burkitt mwenyewe aliwapa watoto wa Kampala katika miaka ya 1960 na kuona uvimbe wa baadhi yao ukiyeyuka, nayo hufanya kazi ndani ya DNA: huzifunga nyuzi mbili pamoja, kwa wingi ambao seli inayogawanyika kwa kasi haiwahi kuurekebisha.