Jiwe Ndani ya Tope: Barafuto Zinavyotandika Sakafu ya Kongsfjorden

Kila ninapopasua sampuli ya mashapo ya fiodi, yaani ghuba nyembamba na ndefu iliyochongwa na barafu, hutafuta kwanza jiwe lililokaa mahali pasipolistahili. Tope linalolizunguka ni laini kama unga uliokandwa. Katikati yake limo jiwe lenye pembe kali, na matabaka ya chini yake yamebonyea pale lilipoangukia. Mkondo wenye nguvu ya kulisukuma jiwe hilo usingeliacha tope hilo litulie. Lililetwa na pande la barafu lililokuwa likielea na kuyeyuka, likaliachia njiani.

Mfano ninaoupenda ni Kongsfjorden, fiodi iliyo katika pwani ya magharibi ya Spitsbergen, kisiwa cha Norwei katika Aktiki, kwenye latitudo ya 79 Kaskazini, ambako barafuto (mto wa barafu unaoteleza polepole) ya Kronebreen inaishia baharini. Barafu inayoteleza huusaga mwamba, na wakati wa kiangazi maji ya kuyeyuka hupita katika mahandaki yaliyo chini yake, yakatokea kwenye sakafu ya fiodi yakiwa yamesheheni mashapo. Kwa kuwa hayana chumvi, maji hayo kwa kawaida huwa mepesi kuliko ya bahari hata yakiwa na mzigo huo, ndiyo maana hupanda kwa kasi kando ya ukuta wa barafu na kutandaa juu, mekundu kwa sababu ya mwamba-mchanga wa kipindi cha Devoni, takriban miaka milioni 400 iliyopita.

Mchanga na changarawe hubaki palepale mdomoni mwa handaki. Jambo linalostaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni mwenendo wa chembe za mfinyanzi: moja moja zingeelea kwa siku nyingi, lakini zikikutana na chumvi hushikamana kuwa mabonge madogo yanayozama upesi. Ndiyo maana karibu na barafu sakafu hujaa kwa sentimita nyingi kwa mwaka, ilhali kuelekea bahari kuu hujaa kwa milimita tu.

Barafuto pia hulivuruga tope lililokwisha kutua. Kongsvegen, jirani ya Kronebreen, ilisonga mbele ghafla mnamo mwaka 1948, na msukumo wa namna hiyo huyakunja mashapo kuwa matuta ya moreni, yaani malundo ya mawe na udongo yaliyosukumwa na barafu.

Barafuto ikirudi nyuma hadi nchi kavu, mapande ya barafu hayamegukii tena baharini. Mito huendelea kuleta tope, tabaka juu ya tabaka, lakini mawe yaliyodondoshwa na barafu yake hayaonekani tena humo.