Mustang ya 1965: shusha mkono wa juu kabla ya kununua springi ngumu

Wengi wanaoniletea Mustang za Ford za 1965 na 1966 huja na ombi lilelile. Kwenye kona pua inalala, usukani unazunguka gari likichelewa kujibu, basi wanataka niwafungie springi ngumu. Mara nyingi wameshazinunua. Huwa naomba tuziweke kando kwanza, maana chanzo kikubwa cha tabia hiyo ni pembe ya mkono mmoja wa chuma, na dawa yake inajulikana tangu 1965.

Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964. Chini ya lile umbo lililowapagawisha watu mlikuwa na mifupa ya Ford Falcon, gari la familia la bei nafuu. Mbele, kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu mfupi na wa chini mrefu. Springi haikai juu ya mkono wa chini kama kwenye magari mengi. Inakaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara wa bati ulioinuka kando ya injini. Nyuma kuna ekseli moja nzima iliyofungwa kwenye springi za majani. Kwa kwenda kazini na kurudi, mpango huo ulitosha.

Kwenye kona ndipo unapoumbuka. Bodi ikilala, mkono wa juu jinsi ulivyofungwa kiwandani huruhusu sehemu ya juu ya tairi la nje kuinamia nje. Tairi hilo wakati huo ndilo limebeba mzigo mkubwa wa mbele, na linakanyaga lami kwa ukingo badala ya uso wake wote. Unakata usukani, pua inaendelea mbele. Ukifunga springi ngumu bodi italala kidogo tu, lakini pembe ya tairi haijatibiwa, na kila shimo la barabarani utalisikia mgongoni.

Aliyepiga hesabu za dawa hii ni Klaus Arning, mhandisi wa Ford. Carroll Shelby, Mmarekani aliyetengeneza magari ya mbio, aliitumia kwenye GT350 za 1965, Mustang alizoziboresha yeye: matundu yanayoshikilia mkono wa juu kwenye mnara yalishushwa inchi 1, yaani kama milimita 25. Basi. Mkono ukishushwa upande wa ndani, gurudumu linapopanda ncha yake ya nje huchora tao linalorudi kuelekea injini, na sehemu ya juu ya tairi inavutwa ndani. Tairi linabaki limekanyaga. Tena, kile kitovu ambacho bodi hukizunguka inapolala kinapanda, kwa hiyo kulala kwa gari lenyewe kunapungua kuliko zamani hata kama springi haijaguswa. GT350 ilitwaa ubingwa wa daraja la B Production la SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, mwaka huohuo. Inaniuma kwamba GT350 nyingi za 1966 zilitoka bila mabadiliko haya ili kubana gharama, kwa sababu ni kazi ya matundu manne tu kwa gari zima.

Kabla ya kutoboa, kagua. Nyufa hupenda kuanzia kwenye mnara, karibu na matundu hayohayo. Ukiuona ufa, uchomelewe na bati liimarishwe kwanza. Bushi za zamani zilizopasuka na boli jointi (viungo vya kwenye ncha za nje za mikono) zenye uchezaji zitoke, la sivyo utashusha mkono ambao haujui umesimama wapi. Springi yenyewe iogope. Imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu, na kibanio cha kawaida cha nje hakiingii pale. Tafuta kile kinachopita juu, kwenye nafasi ya shokapu, kilichotengenezwa kwa ajili ya magari haya. Matundu mapya yapimwe kwa bati la kiolezo, si kwa macho. Upande mmoja ukipishana na mwingine, gari litavuta upande mmoja siku zote.

Mkono ukiwa chini, angalia kikalio cha springi. Cha kiwandani huzunguka kwenye mpira unaojisokota kila gurudumu linapopanda na kushuka, na mpira uliozeeka hung'ang'ana. Vipo vikalio vya beringi, na kwangu ndivyo pesa ya kwanza ya ziada inakostahili kwenda. Mbele inaanza kupokea mashimo madogo bila kugoma.

Baada ya hapo fuata shokapu nzuri, halafu stabilaiza ya mbele (fito ya chuma inayopunguza kulala kwa bodi) yenye unene wa inchi 1, kipimo kilekile alichotumia Shelby. Funga pia kile kipande kimoja cha chuma kinachounganisha minara yote miwili na ukuta ulio nyuma ya injini. Ford walikiweka kwenye Mustang zilizopelekwa nchi za nje, na kinaizuia minara isisogeleane. Nyuma sina haraka: kama springi za majani hazijakaa bapa na bushi zake ni nzima, shokapu mpya zinatosha kwa gari la barabarani. Stabilaiza nene ya nyuma naikataa mpaka mbele iwe imekamilika, maana hulifanya gari litupe mkia.

Linabaki suala la alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, na hapa kazi nzuri nyingi huharibika. Fundi akifungua kitabu cha 1965 atakuta vipimo vya matairi ya zamani ya nyuzi za mshazari. Wewe umefunga radiali, matairi ya kisasa. Mwambie tairi liinamie ndani kati ya nusu digrii na digrii moja, mhimili ambao gurudumu huuzunguka unapokata usukani ulale nyuma digrii 2 hadi 3, na matairi yaelekeane kwa mbele jumla ya inchi 1/8. Kwenye gari la 1965 na 1966, pembe hizo mbili za kwanza hupatikana kwa kuongeza au kupunguza vibati nyuma ya mkono wa juu, kwa hiyo nenda navyo vya unene tofauti mfukoni. Gereji nyingi za siku hizi hazinavyo, na fundi asiyekuwa navyo atarekebisha tairodi (vyuma vinavyogeuza matairi unapokata usukani) peke yake kisha akurudishie funguo.