Kwa nini huuoni uzi kwenye pindo la suruali ya kitambaa?

Ishike suruali yako ya kitambaa, ile ya kazini au ya harusini, uigeuze kwa chini. Ndani utaona uzi umeuzunguka mguu mzima. Irudishe nje, utakuta pasafi. Kitambaa kimepindwa na kimeshikwa barabara, lakini mstari wa uzi hakuna. Na kazi hiyo imefanywa kwa cherehani, ambayo sindano yake hupenya kitambaa toka juu hadi chini na haijui kusimama katikati. Basi uzi umepita wapi?

Hapa Lamu swali hili huja zaidi Idi inapokaribia, au Maulidi ya Mfungo Sita, watu wanapojaza vibanda vya mafundi kando ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wakiwa na suruali za kupunguzwa. Wengi hupenda suruali ikomee juu ya kifundo cha mguu, na za dukani, kama za mitumba, karibu zote huja ndefu. Fundi huuliza: nikupigie mstari au nikufichie uzi? La kuficha huchukua muda zaidi, lakini kwa suruali nzuri watu hulitaka. Mji huu umezoea kukagua mishono. Kofia za vito hushonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, kila kitundu kikizungushiwa uzi, na anayeijua kofia hiyo haachi kuona mstari uliopinda kwenye suruali ya mwenzake.

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni rangi: fundi ametafuta uzi unaofanana na kitambaa, ndiyo maana hauonekani. Rangi husaidia, ila siyo jibu. Chukua uzi wa rangi ileile kabisa, piga mstari wa kawaida juu ya suruali nyeusi, uiangalie ukiwa umesimama mlangoni penye mwanga. Mstari utauona. Uzi unapokaza hukibonyeza kitambaa na kuacha mfereji mwembamba kuzunguka mguu, na mwanga wa pembeni ukipita juu ya mfereji huo huweka kivuli. Jicho limekiona kivuli, wala halikuhitaji kuuona uzi. Sasa fanya kinyume chake: lifiche pindo kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa hichohicho cheusi. Kwa nje hutaona mstari mwekundu. Utaona nukta ndogo nyekundu, moja hapa, nyingine mbele kidogo, na kati yake hakuna kitu. Kama rangi ndiyo ingekuwa siri, uzi mwekundu ungeonekana wote.

Jibu la pili lina uzito zaidi, kwa sababu ndani yake mna ukweli nusu. Husemwa kwamba sindano haifiki upande wa nje. Inakwaruza kitambaa kwa ndani tu kisha inarudi. Kwa mashine fulani za viwandani hivyo ndivyo, na nitazifikia. Kwa cherehani ya nyumbani au ya kibandani haiwezekani, na sababu iko katika namna mshono wenyewe unavyozaliwa. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Hushuka na uzi wa juu, ikapita kitambaa, ikapita bamba la chuma, ikafika chini kwenye bobini, kile kijigurudumu chenye uzi wa chini. Inapoanza kupanda, uzi ulioshuka nayo hulegea na kufanya kitanzi kidogo ubavuni mwa sindano. Hapo kidoana kinachozunguka hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha kuizunguka bobini yote, nyuzi mbili zikafungana, kisha mkono wa juu ukavuta na kukaza. Sindano ikiishia katikati ya kitambaa, kitanzi hakipatikani, na bila kitanzi hakuna mshono. Elias Howe alipewa hataza (haki ya uvumbuzi) ya cherehani ya mshono huu wa nyuzi mbili Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akafuata na yake mwaka 1851, na cherehani nyeusi za kukanyaga ambazo bado ziko barazani hufuata kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo kila mara sindano inashuka hadi mwisho. Hilo tulishike, kwa kuwa bila hilo mengine yote hayaeleweki.

Kilichobadilishwa ni jinsi nguo ilivyolala. Fundi hashoni suruali ikiwa katika hali itakayovaliwa. Kwanza hupinda chini ya mguu kuelekea ndani, tuseme sentimita tatu au nne, akapiga pasi. Halafu pindo lote hilo hulirudisha chini ya mguu wa suruali, upande wa nje, mpaka kitambaa cha mguu kifanye mkunjo mpya, na ukingo wa pindo ubaki umechungulia kulia kwa kadiri ya nusu sentimita. Sasa chini ya mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, vimelala vitu viwili sambamba. Kulia kuna ukingo uliochungulia, ambao hautaonekana kamwe mtu akivaa. Kushoto kuna mkunjo, na mkunjo huo ndio suruali yenyewe, sehemu ambayo dunia itaiona.

Cherehani hutegwa kwenye mshono wenye mwendo maalumu: mishono kadhaa iliyonyooka, kisha mruko mmoja kwenda kushoto, kisha inarudi kulia kuendelea. Mishono iliyonyooka yote huangukia kwenye ukingo uliofichika. Ule mruko peke yake ndio unaogusa mkunjo, na unatakiwa uume ncha yake tu. Fundi akimaliza hufunua nguo, mkunjo ukanyooka na pindo likarudi mahali pake ndani.

Namna nzuri ya kuliona hili ni karatasi. Ikunje karatasi katikati, utoboe kwa sindano wima, milimita mbili kutoka kwenye mkunjo. Ifunue. Utakuta matundu mawili, moja kila upande wa alama ya kukunja, na kati yake milimita nne. Ikunje tena, utoboe safari hii nusu milimita tu kutoka ukingoni. Matundu ni mawili vilevile, lakini sasa yamesogeleana mpaka yameachana milimita moja. Sindano ilishuka wima mara zote mbili na ikapenya mpaka mwisho mara zote mbili. Lakini karatasi ilipofunuliwa, njia yake iligeuka ikawa safari fupi ya kulala, inayoingia tundu moja na kutokea la pili. Kwenye suruali, uzi ulioko kati ya matundu hayo mawili ndio pekee unaofika upande wa nje. Kila milimita moja sindano inapozidi kuingia kwenye mkunjo, nukta ya nje hurefuka milimita mbili. Ustadi wote wa pindo hili umo katika kuipunguza milimita hiyo.

Mimi hufikiri hii ni moja ya hila safi kabisa katika ushonaji: sindano haikubadilishwa kitu, ila nguo imesimamishwa kwa ubavu.

Hapo ndipo linapokuja jambo la tatu ambalo wengi hulikosea, na ambalo huwatia mafundi lawamani bure. Watu huamini pindo la namna hii halionekani kabisa, hivyo wakiona nukta husema fundi hajui kazi. Ukweli ni kwamba nukta ndiyo kawaida, na kutoonekana kabisa hutegemea unene wa kitambaa. Karatasi yetu ilikuwa nyembamba; kitambaa kina nyama. Kwenye mkunjo, upande wa ndani wa suruali ndio uliogeukia juu na upande wa nje umejificha katikati. Sindano ikiuma kina kilicho kifupi kuliko unene wa kitambaa, itaingia kwa upande wa ndani, itapita katika nyama ya kitambaa, na itatokea upande wa ndani uleule. Uzi hautafika nje hata kidogo. Kwenye sufu nzito ya makoti ya nchi za baridi jambo hilo linawezekana.

Kwenye popleni, ambayo ni kitambaa chepesi, haliwezekani, na hesabu yake ni rahisi. Namba iliyoandikwa kwenye sindano ya cherehani ni unene wa mwili wake kwa sehemu za mia za milimita: sindano namba 90 ina milimita 0.9, na namba 70, ambayo ni katika zile nyembamba, ina milimita 0.7. Popleni nyepesi ina unene wa robo ya milimita hivi. Yaani sindano ni nene kuliko kitambaa kinachotakiwa kuificha. Haina pa kujificha, lazima ichungulie upande wa pili. Na katika joto la pwani nani anavaa sufu nzito? Suruali nyingi zinazopelekwa kwa fundi wa Lamu ni za kitambaa chepesi, na kitambaa chepesi ndicho kigumu kuliko vyote kwa kazi hii. Nukta ndogo, zilizopangika kwa nafasi sawa, kwenye suruali nyepesi ni alama ya mkono mzuri.

Nukta mbaya zipo, bila shaka, na kwa kawaida zimetokana na moja ya mambo mawili. La kwanza ni kina: mruko umeingia sana, nukta imekuwa kistari. La pili ni mkazo wa uzi, nalo hueleweka ukikumbuka karatasi. Mkunjo ukiwa umefungwa, matundu mawili yamepandana, kati yake hakuna nafasi. Ukifunuliwa yanataka kuachana, na uzi uliokazwa sana huyazuia. Kitambaa hapo hubaki kimefinywa, kikafanya kishimo, na vishimo vikifuatana huonekana kwa mbali kuliko uzi wenyewe. Ndiyo sababu fundi hulegeza uzi wa juu kidogo na kurefusha mshono, ili vituo viwe vichache. Akilegeza kupita kiasi, kidole cha mguu kitanasa humo wakati wa kuvaa na pindo litang'oka.

Upande wa pili wa kosa ni mruko kutofika kabisa. Mkunjo ukisogea milimita moja tu kushoto, sindano huangukia ukingoni, na sehemu hiyo haikushikwa. Kuna mguu wa cherehani uliotengenezwa kwa ajili ya hili, wenye kibamba katikati ambacho mkunjo huegemea ukiwa unakwenda. Unasaidia sana, lakini haufanyi kazi ya macho.

Lipo pia tatizo la suruali zinazobana kuelekea chini, ambazo vijana wanazipenda. Mguu ukiwa unapungua upana kadiri unavyoshuka, kipande kinachopindwa kwenda juu huwa chembamba kuliko mahali kinapokwenda kushonwa. Mashine itakivuta kwa nguvu na pindo litajikunjakunja. Fundi anayelijua hilo hufumua kidogo mishono ya ubavuni, katika sehemu ile ya pindo tu, ili ipanuke na ilale.

Sasa zile mashine za viwandani. Hizo zina sindano iliyopinda, inayofagia kwa ubavu badala ya kushuka wima. Kipande cha chuma kilicho chini hukisukuma kitambaa kikafanya kinundu, sindano ikakatisha kileleni mwa kinundu na kutokea upande uleule ilioingilia. Hakuna bobini, ni uzi mmoja unaojifunga wenyewe kwa wenyewe, kitanzi ndani ya kitanzi, na mara nyingi mashine hutegwa iguse kitambaa cha nje kila mshono wa pili. Ni kazi ya haraka na safi sana, na udhaifu wake umo humohumo katika ule uzi mmoja. Mafundi wanaoshughulika na mitumba hufaidika nao: hutafuta mwisho sahihi wa uzi, huukata, huuvuta mara moja, na pindo zima hufumuka bila wembe. Ndiyo sababu pia suruali ya dukani uzi ukikatika mahali pamoja unaweza kukuta pindo zima liko sakafuni. Pindo la nyuzi mbili likikatika mahali, mahali pengine hukawia kuachia.

Mruko wa kushoto huhitaji cherehani ambayo sindano yake huyumba. Helen Blanchard, Mmarekani, alipewa hataza ya mshono wa zigizaga mwaka 1873, lakini cherehani nyeusi za kawaida hazina uwezo huo. Hushona mstari ulionyooka tu. Fundi mwenye cherehani hiyo hupiga ovaloki ukingoni, mshono wa kuuzuia usifumuke, au huukunja na kuupiga mstari, kisha huliweka pindo kwenye paja na kulificha kwa sindano ya mkono. Usilihesabu hilo kuwa duni. Sindano ya mkono inaweza kulala, ikachota uzi mmoja wa kitambaa na kuuacha wa jirani, jambo ambalo sindano inayoshuka wima haiwezi.

Kwa hiyo suruali ya popleni au ya tetroni nyembamba, kama huna haraka nyingi, omba ifichwe kwa mkono. Ya kitambaa cha suti chenye unene, mashine inatosha, ila fundi ajaribu kwanza kwenye kipande alichokata, kwa sindano mpya iliyo nyembamba. Hewa ya bahari hushika sindano kutu upesi, na sindano yenye kutu huvuta nyuzi za kitambaa hata kama imeuma pale panapostahili. Pasi ipigwe kwenye mkunjo wa chini, isipande juu ya ukingo wa pindo, maana ukingo huo ukibonyezwa hujichora kwa nje mstari uleule ambao kazi yote hii ilikuwa ya kuuondoa.