Kipindupindu Lamu: tuangalie kisima kabla ya kuangalia gati

Kila habari za kipindupindu zinaposikika kutoka Garissa au Tana River, swali la kwanza ninaloulizwa hapa kisiwani ni kama ugonjwa utavuka kutufikia. Ni swali la haki, lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kupima maji ya visima na kufuatilia wagonjwa wa kuhara, naona linaacha nusu ya jambo. Vimelea vinaweza kuletwa na msafiri yeyote. Kitakachoamua kama atabaki mgonjwa mmoja au atafuatwa na mtaa mzima ni umbali uliopo baina ya shimo la choo na kisima.

Pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya ugonjwa huu. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 maelezo ya mikurupuko iliyopita Afrika Mashariki tangu 1821, ikiwemo ile ya 1836, ya 1858 na ya 1869. Huo wa mwisho ndio unaonivutia zaidi, kwa kuwa wakati kila mtu alikuwa akichunga majahazi ya kaskazi, ugonjwa ulipita bara, ukashuka na misafara ya wafanyabiashara kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, ndipo ukavuka kwenda Unguja. Waliokuwa wakitazama bahari waliguswa bega kutoka nyuma.

Wimbi tulilo nalo sasa ni la saba kuhesabiwa duniani. Lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika Magharibi 1970 na Kenya 1971, wala halijaondoka barani tangu hapo. Aina ya bakteria inayolibeba, El Tor, ina hila yake: wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa au huhara kidogo tu, lakini kwa siku kadhaa wanaendelea kuitoa kwenye choo bila wao wenyewe kujua. Ndiyo sababu sina imani kubwa na ukaguzi wa abiria kwenye gati la Mokowe, upande wa bara. Anayeonekana mgonjwa si yeye peke yake aliyebeba.

Wapo wanaosema kwamba asili ya tatizo ni bahari yenyewe. Ni kweli kwamba jamaa za bakteria huyu huishi kwenye milango ya mito na kung'ang'ania vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Hata hivyo, uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba tangu 1970 aina inayoua iliingizwa Afrika kutoka Asia si chini ya mara 11, na ikasambaa kwa miguu ya watu. Kwa hiyo mvuvi wa Matondoni hana haja ya kuuogopa mkondo anaotegea nyavu zake.

Tuje kwenye maji ya Lamu. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela huzama chini na kutulia juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zake chini ya usawa huo. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda kuja kujaza nafasi. Mkomani na Langoni, ambako nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta, kisima na choo cha shimo mara nyingi vimo ndani ya kiwanja kimoja. Kanuni inayofuatwa sana inataka mita 30 kati ya viwili hivyo. Nyumba nzima haina upana huo. Isitoshe, visima vilivyo karibu na ufuo hupumua pamoja na bahari: wakati wa bamvua maji hupanda, na ule mchanga mkavu ambao ungechuja uchafu wa shimo hupungua.

Kwa kuwa maji ya visima hivi yana chumvichumvi, watu wamejiwekea utaratibu wao: maji matamu ya kunywa na kupikia, maji ya kisima ya kufua, kuosha vyombo, kuoga na kutawadha. Utaratibu huu unaonekana wa busara, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Bakteria wa kipindupindu hachukizwi na chumvi kidogo. Anaipenda, kama anavyopenda joto na maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yale ambayo sabuni haitoi povu. Anachokichukia ni ukali wa ndimu. Uchunguzi uliofanywa Guinea-Bissau ulikuta kwamba maji ya ndimu kwenye mchuzi yalisaidia kuwakinga walaji. Basi kachumbari ya ndimu haina neno, ila sahani iliyosuuzwa kwa maji ya kisima na kupakuliwa wali ingali na majimaji haina ndimu ya kuilinda. Anayetawadha naye husukutua, na si maji yote hutemwa.

Kumwaga klorini kisimani kunapendeza kwenye picha. Asubuhi kidonge cha kupimia hugeuza maji kuwa ya waridi, ishara kwamba dawa imo, na huenda jioni yasibadilike rangi hata kidogo, kwa sababu uchafu wa kisima umeshaimaliza dawa. Afadhali dawa itiwe kwenye ndoo au mtungi, maji yaachwe nusu saa, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiingie. Majabia ya Pate na Kizingitini, yaani mabirika ya kukingia maji ya mvua, yana shida nyingine, kwani mvua za kwanza za masika husukumia humo kila kilichokuwa kimelala juu ya ardhi. Yanahitaji uzio na kusafishwa kabla ya msimu.

Chanjo ya kumeza ipo, na Februari 2023 ilitolewa Nairobi, Garissa, Tana River na Wajir. Kwa uhaba wa dozi duniani, tangu Oktoba 2022 watu hupewa moja badala ya mbili wakati wa mkurupuko, nayo kinga yake ni ya muda mfupi zaidi.

Kinachoua ni kukaukiwa na maji, na kwa mgonjwa mahututi hutokea ndani ya saa chache. Mtu wa kilo 50 aliyefikia hali hiyo huhitaji dripu ya karibu lita 5 katika saa 3 za mwanzo. Anayetoka Faza, kisiwani Pate, usiku, maji yakiwa yamekupwa na mkondo wa Mkanda, njia ya vyombo vya kuja Lamu, haupitiki, hatazipata saa hizo. Kwa hiyo, maadamu anaweza kumeza, aanze kunyweshwa nyumbani na aendelee chomboni: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, glasi moja kila anapohara. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mpeni tena, polepole.