Kozi ya misimbo na bili za hospitali Marekani: ya kupanga kabla hujasaini

Tangu taarifa zienee kwamba ruzuku ya Pell, yaani fedha za serikali kuu zisizorudishwa kwa wanafunzi wenye uhitaji, itaanza kulipia kozi fupi, ofisi za misaada ya masomo katika vyuo vya jamii, yetu ikiwamo, zinapokea maswali mengi kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani: Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya. Swali ni lile lile. Kuna tangazo la kozi ya wiki chache ya kuandika misimbo ya magonjwa (herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa) na kuandaa bili za bima. Tangazo linasema serikali italipa yote na kazi utaifanyia nyumbani. Je, nijiunge? Wengine huja kuuliza wakiwa wameshasaini mkataba, na hapo msaada wetu unakuwa mdogo. Kwa hiyo tunaandika haya kwa wale ambao hawajasaini.

Tuanze na sheria yenyewe. Ilisainiwa Julai 4, 2025, na inaruhusu Pell kulipia mafunzo ya kazi ya saa 150 hadi 599, yanayochukua wiki 8 au zaidi bila kufika 15, kuanzia Julai 1, 2026. Si kila kozi inaingia humo. Gavana wa jimbo lazima aidhinishe programu. Programu iwe imeshafundishwa angalau mwaka mmoja, angalau asilimia 70 ya wanafunzi wawe wanaimaliza, na angalau asilimia 70 wawe wanapata kazi. Chuo nacho kiwe kimo katika mfumo wa misaada ya serikali kuu. Anayekuambia "Pell italipa" muulize jimbo liliidhinisha programu yake tarehe gani. Akisema maombi yanashughulikiwa, basi kwa leo Pell hailipi. Isitoshe, ruzuku ya kozi fupi hukatwa kulingana na urefu wa kozi. Zile dola 7,395 mnazotajiwa ni kiwango cha juu cha mwaka mzima wa masomo wa 2025–26 kwa mwanafunzi wa muda wote mwenye uhitaji mkubwa. Hazigawiwi kwa wiki nane.

Sasa kazi. Watu wengi huidhania ni kuchapa, na dhana hiyo imewaponza wengi. Tuchukue mgonjwa ambaye daktari ameandika ana kisukari cha aina ya pili. Ikiwa faili halitaji madhara yoyote, msimbo ni E11.9. Faili hilo hilo likitaja pia ugonjwa sugu wa figo, mwongozo wa ICD-10-CM, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani, unachukulia kwamba magonjwa hayo mawili yanahusiana, hata kama daktari hakuyaunganisha, isipokuwa ameandika wazi kwamba figo zimeharibiwa na jambo lingine. Hapo unaandika E11.22, halafu unaongeza msimbo wa kundi la N18 unaoonyesha figo zimefikia hatua gani. Mgonjwa wa nje aliyeandikiwa "huenda ni nimonia" hapewi msimbo wa nimonia, anaandikiwa dalili zake tu, kama vile kikohozi au homa. Aliyelazwa, akiruhusiwa kwenda nyumbani huku muhtasari wake ukiwa na maneno hayo hayo, anaandikiwa nimonia. Kanuni za namna hii ziko nyingi, na ICD-10-CM husahihishwa kila Oktoba 1. Misimbo ya huduma za madaktari, CPT, inayomilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, hubadilishwa kila Januari 1. Kuna HCPCS ya vifaa, dawa na ambulensi, na kuna ICD-10-PCS ya upasuaji na taratibu nyingine kwa waliolazwa hospitalini.

Ndiyo maana kozi inayostahili jina lake huanza na anatomia, fiziolojia na istilahi za tiba kabla ya kugusa kitabu cha misimbo. Mpango usio na masomo hayo ni wa kukimbia. Kiingereza cha kusoma nacho kinahitajika, na ni tofauti na kile kinachomtosha mtu kwenye ghala la mizigo au kiwanda cha nyama. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo ana nafuu yake, kwa kuwa maneno mengi ya tiba anayajua tayari. Nesi au tabibu aliyefanya kazi Bukavu au Kigoma ana nafuu kubwa zaidi, na inatusikitisha kumkuta amelipia kozi ya watu wasiojua ini liko upande gani. Vyeti vyake vikipimwa na shirika la kutathmini elimu ya nje, chuo kinaweza kumpunguzia masomo.

Ushauri wetu ni kuanza kupanga kutoka mwisho. Soma matangazo ya kazi ya hospitali na zahanati za mji unaoishi, uone wanataka cheti gani. Mara nyingi utakuta CPC cha AAPC, au CCA, CCS na RHIT vya AHIMA; AAPC na AHIMA ni vyama vya wataalamu wa kazi hii vinavyotoa vyeti. Mtihani wa CPC una maswali 100 kwa saa nne, na kufaulu ni asilimia 70. Unaruhusiwa kuingia na vitabu vya misimbo, lakini ukigawanya saa hizo kwa maswali hayo unapata chini ya dakika mbili na nusu kwa kila swali, kwa hiyo asiyekuwa na mazoezi hana muda wa kupekua. Anayefaulu bila uzoefu hupewa CPC-A, yaani cheti cha mwanagenzi. Herufi hiyo huondolewa kwa uthibitisho wa uzoefu wa miaka miwili kazini, au mwaka mmoja pamoja na mafunzo ya saa 80 yanayokubaliwa. RHIT ni njia nyingine: lazima uwe na shahada ya miaka miwili kutoka programu yenye ithibati ya CAHIIM, chombo kinachokagua programu za kumbukumbu za afya. Takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2024 zinaonyesha kipato cha kati cha wataalamu wa kumbukumbu za tiba kuwa dola 50,250 kwa mwaka. Nusu yao walipata chini ya hapo, na anayeanza asitegemee kuwa katika nusu ya juu. Kazi ya nyumbani ipo kweli. Kwa kawaida hupewa aliyekwisha kuonyesha kwamba anaandika kwa usahihi bila kusimamiwa.

Kuhusu chuo, ithibati mnaiulizia, na tunashukuru. Hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani inaonyesha chuo kipi kinayo. Lakini ithibati peke yake haitoshi. Corinthian Colleges, iliyoendesha vyuo vya Everest na kufundisha kozi hii hii, ilifunga matawi yake yaliyobaki Aprili 2015. ITT Technical Institute ilifuata Septemba 2016. Wote walikuwa na ithibati. Swali la pili, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni kama chuo cha jamii au chuo kikuu cha jimbo lako kitazipokea krediti zako ukitaka kuendelea. Usimuulize anayekuuzia kozi. Kipigie simu chuo kile kingine.

Na yule anayekuuzia "biashara" ya bili za matibabu, yenye programu ya kompyuta na orodha ya madaktari wanaokusubiri, si chuo. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inayohusu fursa za biashara inamtaka muuzaji akupe maelezo ya maandishi angalau siku saba kabla hujalipa au kusaini.

Tuje kwenye fedha, ambako ndiko tunakohangaika nanyi kila siku. FAFSA ni fomu ya maombi ya misaada ya masomo ya serikali kuu. Si mkopo. Tumelisema kwa barua, kwa mikutano na kanisani, na bado wapo wanaokataa kuijaza wakiogopa deni, huku jirani zao wakipokea mkopo na kuuita zawadi. Majibu ya fomu yanaweza kuwa na ruzuku, isiyorudishwa, na mkopo, unaorudishwa kwa riba. Kila kimoja kimeandikwa kwa jina lake, na mkopo unaweza kuukataa ukachukua ruzuku peke yake.

Wanaostahili, mbali na raia, ni wenye grini kadi, wakiwamo walioipata kwa bahati nasibu, wakimbizi na waliokubaliwa hifadhi. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri, mwenye TPS (ulinzi wa muda dhidi ya kurudishwa kwao) na mwenye viza ya mwanafunzi hawastahili misaada ya serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo yana misaada yao. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti ya StudentAid.gov, tovuti ya misaada ya serikali kuu, na kusaini sehemu yake. Aliyemaliza sekondari katika kambi ya Kakuma kwa mtaala wa Kenya, au Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo, asidhani elimu hiyo haihesabiki. Inahesabika ikithibitishwa. Aliyepoteza karatasi zote kwenye safari anaweza kufanya mtihani wa GED au HiSET, ambao cheti chake huchukua nafasi ya kile cha sekondari.

Andika ukweli. Kutoa taarifa za uongo kwa makusudi kunaadhibiwa kwa faini ya hadi dola 20,000, kifungo, au vyote viwili, na onyo hilo liko kwenye fomu unayosaini. Ukichaguliwa kwa uhakiki, leta nyaraka zilizoombwa kabla ya tarehe iliyotajwa. Usipoleta, msaada hautoki, na hatuna mamlaka ya kuutoa kwa huruma.

Kuacha masomo katikati kuna hesabu yake: msaada unaustahili kidogo kidogo kadiri siku za muhula zinavyopita, hadi asilimia 60. Muhula ukiwa na siku 105, asilimia 60 ni siku ya 63. Ukiacha baada ya hapo, msaada wote umeshaustahili. Ukiacha siku ya 21, umestahili asilimia 20 tu: katika Pell ya dola 3,000 ni dola 600, na 2,400 hazikuwa zako bado. Chuo hurudisha sehemu yake serikalini, kisha kinakudai wewe ada iliyobaki bila kulipwa. Mapumziko ya siku tano mfululizo au zaidi hayahesabiwi. Kupata zamu mpya kazini na kutoonekana tena darasani ndiyo njia ya kawaida ya kuingia katika deni hili. Kabla hujaacha, njoo ofisini siku hiyo hiyo.

Maendeleo yako pia hupimwa. Katika vyuo vingi lazima umalize asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, uwe na wastani wa alama (GPA) wa 2.0, na usizidi asilimia 150 ya urefu wa programu: cheti cha krediti 36 hakiwezi kuvuka krediti 54 za majaribio. Pell nayo ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya muda wote. Ukiitumia kwenye kozi isiyokupeleka popote, muda huo umekwisha kutumika.

Jambo moja la kazini tunaomba mlipokee kwa uzito. Jumuiya zetu ni ndogo, na siku moja faili la shemeji au la mchungaji litapita mbele yako. Kulifungua bila sababu ya kikazi kunakufukuzisha kazi. Chini ya HIPAA, sheria ya 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, kuchukua taarifa za mgonjwa kwa makusudi na kinyume cha sheria kunaweza kufikia faini ya dola 50,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Ukiziuza, ni hadi dola 250,000 na miaka kumi. Vivyo hivyo, mkuu wa zahanati akikutaka uandike msimbo wa huduma kubwa kuliko iliyotolewa, kataa na uombe maelekezo kwa maandishi. Sheria ya Madai ya Uongo hutoza mara tatu ya hasara ya serikali, pamoja na faini kwa kila dai.

Maelezo haya ni ya jumla, na uamuzi wa kila mwanafunzi hutegemea nyaraka zake. Hatupendekezi chuo chochote cha binafsi. Kwa aliyekwisha kusaini, soma kwanza kifungu cha kujitoa na kurudishiwa fedha, kwa kuwa siku zake ni chache. Ukiona ulidanganywa, malalamiko hupelekwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kwa chombo kilichokipa chuo ithibati, na kwa FTC. Malalamiko ya misaada ya serikali kuu hupelekwa kupitia StudentAid.gov. Ambatanisha mkataba, stakabadhi na ujumbe wa simu aliokutumia aliyekusajili, usiufute. Chuo kikifungwa ukiwa bado unasoma, au ulijitoa siku zisizozidi 180 kabla hakijafungwa, unaweza kuomba mkopo wako wa serikali ufutwe, na Pell uliyotumia pale irudishwe kwenye hesabu yako.

Fomu ya FAFSA ya mwaka unaofuata hufunguliwa kwa kawaida Oktoba 1. Unapokuja, leta kadi ya Social Security, grini kadi au I-94 (rekodi ya kuingia nchini), na cheti cha sekondari hata kama ni nakala. Asiyejiamini kwa Kiingereza aombe mkalimani anapopanga miadi, asimlete mtoto wa shule amtafsirie mambo ya deni.